Kamera nyeusi ya zamani: usidanganyike na michubuko

Nilipigwa, tena hapahapa Lamu, na mimi ndo najifanyaga mjuzi wa kamera. Jamaa kaniletea Nikon F nyeusi pale Mkunguni, pembeni imechubuka, rangi ya njano inachungulia, anasema imetoka kiwandani hivyohivyo na imelala kabatini kwao miaka thelathini. Nyeusi zina bei kuliko za rangi ya fedha, nikatoa hela bila hata kubisha.

Siku chache baadae nampelekea sonara mmoja wa mtaani, akavaa ile lenzi yake ya jichoni, akaigeuzageuza, kisha: "Mwanangu, hii shaba mbona inang'aa hivi?"

Hapo ndo nikashtuka. Kifuniko cha juu cha F (ilitoka 1959) ni shaba ya njano, kwa hiyo ikichubuka lazima ionekane, sawa, lakini wewe wajua chumvi ya huku, misumari ya shaba kwenye milango yetu usipoisugua inafifia inakuwa kahawia, sasa shaba iliyokaa kabatini miaka yote hiyo Lamu inabaki vipi kama imetoka kusuguliwa jana? Ni msasa: mtu kachukua ya rangi ya fedha, kaipuliza nyeusi, kisha kaichubua ionekane ya zamani. Na msasa ukiutazama kwa lenzi una mistari inayokwenda upande mmoja, mkono wa mtu hauchubui hivyo, mkono unakula kwenye kona, kwenye pete za mkanda na pale kidole gumba kinapovuta filamu.

Halafu nikavuta juu kile kifundo cha kurudishia filamu. Chini yake, krome ya fedha! Aliyepuliza rangi hakuona haja ya kukifungua. Ila msijiamini sana, fundi mzuri anaondoa krome yote kwanza ndo anapaka, huyo utamkamata kwenye maandishi: yamechongwa na kujazwa nyeupe, kingo zinatakiwa kuwa kali, rangi nzito inazizamisha. Angalia na vichwa vya skrubu kama vimetafunwa na bisibisi.

Canon AE-1 ya 1976 usiitafutie shaba, juu ni plastiki. Na Leica M3 nyeusi, maana nyingi zilitoka za krome, usilipe kabla hujauliza namba yake kwa kampuni ya Leica yenyewe, Wetzlar, Ujerumani.

Muuzaji nilimrudia, akaapa na yeye aliinunua nyeusi. Huenda. Picha inapiga safi tu, natembea nayo, ila ukiniuliza nakwambia imepakwa.