Eabrashi ya akriliki nzito: angalia nozeli kwanza
Ndugu, umeuliza kama eabrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa) ya nozeli, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 0.2 itapuliza rangi nzito ya akriliki. Itakusumbua sana: tundu ni dogo, na akriliki hukauka upesi kwenye ncha ya sindano, basi itaziba kila mara. Tafuta ya 0.5, kama Badger Patriot 105. Iwata Eclipse HP-CS, yenye 0.35, inafaa pia ukiizimua rangi zaidi. Kikombe kiwe juu, rangi ishuke yenyewe. Ile ya kunyonya kutoka chupa ya chini hudai presha kubwa zaidi.

Lakini hata 0.5 haipulizi rangi ikiwa nzito kama ilivyotoka kwenye tyubu. Changanya pembeni, kamwe si ndani ya kikombe: rangi sehemu 1, thina ya akriliki (kimiminika cha kuizimua) sehemu 1, kisha ongeza thina tone kwa tone mpaka rangi itiririke kama maziwa. Thina ya rangi za mafuta huigandisha akriliki, na maji mengi huidhoofisha isishike. Chuja kwa soksi ya nailoni. Anza na presha ya hewa ya PSI 25 (pauni kwa inchi ya mraba). Ikitema madoa, futa kwanza ncha ya sindano kwa brashi laini yenye thina, ndipo ufikirie kuongeza hewa.