Kisima kimeingia chumvi: msiongeze kina

Kaka, umeuliza kama mchimbe zaidi mpate maji matamu: hapana, msichimbe. Kisima cha ufukweni kama hicho chenu cha Msangamkuu, kilichoingia chumvi baada ya kuwekewa pampu, ukikiongezea kina unaifuata chumvi iliko. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari humo humo ardhini. Kwa makadirio ya wataalamu, mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake. Kwa hiyo pampu ikishusha maji nusu mita tu na kuyaacha hapo, chumvi inaweza kupanda taratibu hata mita 20.

Nimefanya kazi ya pampu miaka mingi huku Mtwara. Kuna kisima ndoo ya alfajiri ilikuwa tamu kabisa, ikifika saa nne sabuni haitoi povu. Tulipunguza kasi ya pampu, tukavuta kidogo kidogo kutwa nzima, yakarudi kunyweka.

Na tafadhali msiwaambie akina mama wachemshe maji ili kutoa chumvi. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki sufuriani, tena inazidi kukolea.

Ila kama chini kuna tabaka la mfinyanzi linalozuia bahari, kina kinaweza kusaidia. Hilo halikisiwi kwa macho, linahitaji vipimo vya ardhini. Anzieni ofisi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini hapo Mtwara mjini, kibali cha kuchimba kinatoka kwao.