Seva iko Lubumbashi, wewe uko Kolwezi: ya kupanga kabla ya safari

Unataka kutazama ukiwa Kolwezi filamu zilizo kwenye kompyuta yako ya nyumbani Lubumbashi, yaani seva. Karibu kila anayeanza anauliza kwanza afungue mlango gani (namba ya «port») kwenye ruta. Ngojeni kidogo. Jueni kwanza kama anwani ya intaneti ya nyumbani ni yenu peke yenu.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute anwani iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa intaneti. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi ileile, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zikilingana, anwani ni yako. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikaanza na 10 au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo ndiyo CGNAT. Ni kama lupango (kiwanja chenye nyumba) wa Katuba wenye wapangaji kumi na namba moja getini: mgeni anayefika na namba tu, bila jina, amgongee nani? Hapo unaweza kufungua mlango 8096 wa Jellyfin au 32400 wa Plex, programu za seva za kuonyesha filamu, siku nzima. Ombi kutoka Kolwezi linaishia kwenye mitambo ya kampuni, na ruta yako hailioni kabisa. Laini nyingi za 4G ziko hivyo, na Starlink ya nyumbani pia iko hivyo kwa IPv4.

Dawa yake ni kuifanya seva itoke yenyewe kwenda kukutana nawe. Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwa mtandao wa siri, inafanya hivyo, na mpango wake wa bure unatosha familia. Kwenye Linux:

curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up

Weka programu hiyo kwenye simu pia, uingie kwa akaunti ileile, kisha ndani ya Jellyfin andika anwani ya seva inayoanza na 100, ikifuatwa na :8096. Hata mwenye anwani yake mwenyewe tunamshauri apite njia hii, kwa sababu mlango 8096 ukiachwa wazi kwa dunia, neno la siri linasafiri bila kufichwa.

Halafu kuna jambo moja linaloangusha watu wengi. Ufunguo wa kila mashine kwenye Tailscale, yaani kibali chake cha kuingia, kwa kawaida huisha baada ya siku 180. Siku hiyo seva inatoka kwenye mtandao wako, na kama wewe uko mgodini ni vigumu kuirudisha. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, chagua seva, uzime muda huo wa kuisha. Fanya leo, siku ileile ya kuiweka.

Sasa mwendo. Watu hupima kasi ya kushusha na kufurahi, kumbe filamu inapotoka nyumbani inapandishwa. Pima kupandisha, tena jioni watu wote wakiwa kwenye simu. Ukipata megabiti 2 kwa sekunde, usitumie zaidi ya 1 hadi 1.5. Filamu ya megabiti 8 haitapita, na kompyuta ndogo ikijaribu kuipunguza papo hapo itachemka na picha itakwama kila baada ya sekunde chache. Tunapenda kuzipunguza mapema, usiku, mashine ikiwa haina kazi, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i filamu.mkv -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 23 -maxrate 900k -bufsize 1800k -c:a aac -b:a 96k -ac 2 -movflags +faststart filamu.mp4

Hapo saa moja haizidi sana MB 450, na filamu ya dakika 90 ni kama MB 675. Kumbuka kwamba mega (data) unazilipa mara mbili: nyumbani kwa kupandisha, Kolwezi kwa kushusha. Filamu ileile kwa megabiti 8 ingekula GB 5.4 kila upande. Maandishi ya tafsiri yawe faili ya .srt kando ya filamu. Yale yaliyohifadhiwa kama picha mara nyingi huilazimisha seva kuichora video upya, na kazi yote uliyofanya usiku inapotea.

Picha ikikwama ingawa kasi inatosha, kwenye kompyuta uliyo nayo yenye Tailscale andika tailscale ping na jina la seva. Majibu yote yakiwa na neno DERP, data haiendi moja kwa moja bali inapita kwenye mtambo wa kati, kwa mfano ule wa Johannesburg au Nairobi. Itafanya kazi, ila polepole. Wakati mwingine kubadilisha laini upande wa simu kunatosha.

Kurant ikikatika? Kompyuta ndogo ya wati 15 na ruta ya wati 10 ni wati 25. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1200, lakini tumia nusu tu isiharibike. Ukitoa kinachopotea katika kugeuza umeme, unapata kama saa 20. Betri ikiisha kabisa, kompyuta lazima iwake yenyewe kurant ikirudi: kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, tafuta mpangilio wa kurudi kwa umeme, uweke Power On. Diski ya nje nayo iandikwe kwenye /etc/fstab, faili ya Linux ya kufungua diski, kwa UUID (namba yake ya kipekee) pamoja na neno nofail, linaloiacha mashine iwake hata diski isipoonekana. Bila kuiandika humo, mashine inawaka, Jellyfin inafunguka, maktaba iko tupu, nawe unadhani diski imekufa.

Siku mbili kabla ya kuondoka, zima Wi-Fi ya simu, tumia mega, ucheze filamu dakika kumi. Kisha chomoa kila kitu ukutani, urudishe, ujaribu tena.

Bandika karatasi juu ya ruta kwa ajili ya atakayebaki nyumbani: «Intaneti ikipotea, chomoa waya mweusi mwembamba, hesabu mpaka 30, rudisha, ngoja dakika 3. Kompyuta usiiguse.»