Kabla hujaniletea p yako

Jumanne, mgeni wetu ambaye ana miezi mitatu tu kazini alitupia ukutani jedwali lake la kwanza. Snipi moja (herufi moja ya DNA inayotofautiana kati ya watu), OR ya kupendeza (kipimo cha tofauti ya hatari; 1 maana yake hakuna tofauti), p yenye sifuri nyingi (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu), na uso unaong'aa kama wa mtu aliyeposa akakubaliwa. Nikamuuliza kama kontroli zake, yaani watu wasio na ugonjwa, zimekaa sawa kwenye Hardy–Weinberg, kanuni inayotabiri watu wangapi watabeba kila jozi ya herufi. Akajibu bila wasiwasi: "Hicho kichujio nimekizima, kilikuwa kinatupa snipi nzuri."

Sikuweza kumkaripia. Sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, karibu neno kwa neno, na nikailipia. Kwa hiyo wadogo zangu mlioingia juzi kwenye jenetiki ya saratani ya tumbo, haya ni yenu. Nimeyapa namba ili yaonekane yana mpango.

1. Wagonjwa na kontroli wakae pleti moja, yaani sahani moja ya visima vya kupimia DNA.

Miaka hiyo kila mtu alikuwa anaikimbilia IL1B, jeni ya protini iitwayo interleukini-1 beta. El-Omar na wenzake walikuwa wametoa kazi yao kwenye jarida la Nature mwaka 2000, na hoja ilikuwa tamu: interleukini-1 beta huchochea uvimbe na huzuia asidi kutoka, hivyo mwenye kuitoa kwa wingi, akiwa na bakteria wa tumboni H. pylori, tumbo lake husinyaa utando, asidi hupungua, na safari ya kuelekea saratani huanza. Nani asingetaka kipande cha hadithi hiyo? Mimi nilikitaka kikubwa.

Nilikuwa na wagonjwa 400 na kontroli 400. DNA ya wagonjwa ilitoka kwenye damu mbichi, nene, safi. Ya kontroli ilitoka kwenye seramu iliyokaa friza miaka, nyembamba kama maji ya kuoshea mchele. Wagonjwa walifika kwanza, nikawajazia pleti zao. Kontroli walifika baadaye, nikawajazia zao. Niliona nimepanga vizuri kabisa! Hata rangi za lebo zilikuwa tofauti.

Nikapima -511, snipi ya IL1B ambapo wengine wana C na wengine T. Wabebaji wa T kwa wagonjwa walikuwa 300, kwa kontroli 250. OR ya 1.8, p ya 0.0001, na mwelekeo ni uleule wa Nature. Nililala usingizi wa mfalme.

Kesho yake nikakagua Hardy–Weinberg. Kwa aleli (hizo C na T) nilizokuwa nazo kwenye kontroli, heterozigoti, wenye C moja na T moja, walipaswa kuwa kama 197. Nilikuwa nao 150. P ya ukaguzi ilikuwa na sifuri nyingi kuliko matokeo yenyewe, na hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilikaa chini nikaandika aya ya utetezi: labda jamii mbili zimechanganyika, labda ndoa za ndugu, labda uteuzi wa asili. Uteuzi wa asili! Nilikuwa tayari kumsingizia Darwin kuliko kumshuku mtu aliyeshika pipeti, ambaye ni mimi. Kisha nikazima kichujio na kutuma ikisiri kwenye mkutano.

Aliyeniokoa, au kuniaibisha, ni mama mmoja fundi wa maabara aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Hakuuliza habari ya p. Aliuliza, "Mwanangu, picha za vishada umezitazama?" Ni picha ambazo kila mtu ni nukta, na wenye jozi moja ya herufi hukusanyika kishada kimoja. Sikuwa nimezitazama. Programu ilikuwa imesoma jenotipu, yaani jozi ya kila mtu, yenyewe, na mimi nilichukua faili lililotoka. Akazifungua. Pleti za wagonjwa: vishada vitatu, kila kimoja mahali pake, unaweza kuvizungushia kamba. Pleti za kontroli: kishada cha katikati kimechakaa, kimevutwa upande wa C kama nguo iliyonasa msumarini. DNA ilikuwa haba, aleli T ikashindwa kukua kwenye baadhi ya visima, na heterozigoti wangu wakasomwa kuwa CC. Ndiyo sababu kontroli walionekana hawana T. Ndiyo sababu wagonjwa walionekana wanayo nyingi. Sikuwa nimegundua hatari ya saratani ya tumbo. Nilikuwa nimepima, kwa usahihi mkubwa, umri wa seramu.

Tulirudia kwa DNA iliyoongezwa, wagonjwa na kontroli wakichanganywa ndani ya kila pleti. OR ikashuka hadi 1.07. Ikisiri nikaiondoa kwa barua ambayo niliandika mara sita. Msimamizi wangu hakusema kitu, na ningependa angepiga kelele. Yule mama alinipa chai, akaniambia wa kwanza kumletea kioja hicho sikuwa mimi.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba matokeo yalikubaliana na maandiko. Yangekwenda kinyume, ningeyachunguza siku ileile.

2. Usimwage matumbo yote kwenye ndoo moja. Lauren alitenganisha saratani ya tumbo ya aina ya utumbo na ya aina ya kusambaa mwaka 1965, na bado naletewa jedwali ambalo aina hizo zimejumlishwa, na saratani ya kadia, sehemu ya juu ya tumbo, imetiwa humohumo.

3. H. pylori siyo safu ya "ndiyo" na "hapana" tu.

IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994, kwa hiyo hakuna anayesahau kuipima. Wanachosahau ni kwamba tumbo likishasinyaa sana, bakteria mwenyewe huhama, maana mazingira hayamfai tena. Ukimpima mgonjwa kwa pumzi siku ya biopsi ya saratani, anaweza kutoka hana kitu, na wewe ukaandika kwamba saratani yake haihusiani na maambukizi. Tumia kingamwili, pamoja na za CagA, protini ya bakteria huyo, ambazo hukaa muda mrefu zaidi. Nilimwona mwenzetu mmoja akihitimisha kwamba H. pylori inakinga. Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba sote tulikuwa tumesaini jina kwenye rasimu ile.

Na msizipime jeni kana kwamba bakteria hayupo. Kazi ya Japani ya mwaka 2023 iliangalia waliorithi mabadiliko ya kudhuru kwenye jeni za kukarabati DNA, zikiwemo BRCA1, BRCA2, ATM na PALB2. Wenye mabadiliko hayo pamoja na H. pylori, hatari yao ya saratani ya tumbo kufikia miaka 85 ilikuwa kama asilimia 45, wenye H. pylori bila mabadiliko hayo, kama asilimia 14. Ukiichunguza jeni peke yake, tofauti hiyo utaipitia bila kuiona.

4. Snipi zenye aleli A/T au C/G husomeka sawa kwenye nyuzi zote mbili za DNA: kagua uzi kabla ya kuunganisha data za maabara mbili, na ukiambiwa "uzi ni uleule", kagua tena.

5. "Aleli ya hatari" ya nini?

Chukua jeni ya PSCA, snipi rs2294008, iliyoibuka Japani mwaka 2008 kwenye uchunguzi wa jenomu nzima. T huongeza hatari ya saratani, hasa ya kusambaa. T hiyohiyo hupunguza hatari ya kidonda cha duodeni. Sasa mwite mbaya au mwema, chagua.

Nalisema hili kwa sababu mmoja wenu, simtaji, alijipima, akakuta ana aleli A ya jeni ya MUC1, akampigia dada yake simu kumwambia ukoo una jeni ya saratani ya tumbo. Dada alilia wiki nzima. Wadogo zangu, A ile wanayo watu wengi mno, na inachoongeza ni kidogo. Jeni ya CDH1 ndiyo habari nyingine kabisa: mwaka 1998 Guilford na wenzake waliikuta imeharibika kwenye familia za Kimaori za New Zealand zilizokuwa zikipoteza vijana, na mwenye badiliko la aina ile hujadiliana na madaktari kuondolewa tumbo zima akiwa bado hana dalili. Huwezi kuzitaja mbili hizi kwa sauti moja. Nilimpigia dada mwenyewe kumweleza. Ilichukua saa moja na nusu, na nusu ya muda huo alikuwa akimtukana kaka yake, nami sikumkatiza.

6. Majina ya jeni yasipite Excel. SEPT9, jina la zamani la SEPTIN9, iligeuka kuwa tarehe.

Kijana wa Jumanne amekubali kurudia kipimo chake, na jana usiku alinitumia ramani mpya ya pleti niipitie. Imechorwa vizuri, ina rangi. Safu A mpaka D wagonjwa. Safu E mpaka H kontroli, na DNA yao yote imetoka friza la zamani. Nimemwambia asiguse pipeti mpaka nifike.