Usinunue magurudumu bado, anza na mkao

Ndugu, umeuliza kama ununue magurudumu ya bei kubwa ili upunguze muda wako kwenye mbio za kushindana na saa, nawe una baiskeli moja tu, hiyo hiyo unayosafiria na mizigo.

Magurudumu yasubiri. Kwenye tambarare, ukifika kilomita 40 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaliwa na upepo, na kinachoupinga zaidi ni mwili wako, si baiskeli. Nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kutoka 35 hadi 40 unahitaji karibu nusu zaidi. Mwendesha baiskeli Graeme Obree wa Scotland aliielewa hesabu hii vizuri mno. Mwaka 1993, kule Hamar, Norway, aliendesha kilomita 51.596 kwa saa moja akavunja rekodi ya dunia, kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, mikono ameikunja chini ya kifua.

Kwa hiyo funga vishikio vya kuegemeza viwiko, visogeze viwiko karibu, teremsha kichwa kati ya mabega, macho yabaki barabarani. Vaa nguo ya kubana. Jipime siku isiyo na upepo, barabara ile ile, kwenda na kurudi, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Safari usiache, zinajenga pumzi vizuri sana. Siku ya mbio ng'oa keria na madigadi, na dakika za mwanzo jizuie hata kama miguu inakuomba ukimbie.