Sala ya Asubuhi Huandaliwa Usiku

Ikifika wiki ya pili ya Kwaresima, majivu yameshafutika usoni na ratiba ya sala nayo imeanza kupukutika. Mara nyingi kosa si uvivu. Mtu aliyezoea kusali dakika 2 kabla ya kulala anajipangia saa nzima alfajiri, rozari na Njia ya Msalaba kila siku. Siku ya nne umeme unakatika, mtoto anapata homa, basi tena.

Anza na dakika 15, saa ileile, mahali palepale. Dakika 2 tulia tu, bila neno. Dakika 5 soma Injili ya siku mara 2, ya pili polepole. Dakika 5 baki na mstari mmoja uliokugusa, hata kama ni nusu mstari. Zilizobaki ni za nia zako na Baba Yetu.

Dakika hizo hutafutwa usiku. Anayelala saa 6 akiperuzi simu haamki saa 11. Kabla ya kulala tafuta somo la kesho, weka alama kwenye Biblia, iache juu ya stuli pamoja na tochi. Dodoma miezi hii jua huchomoza kama saa 12 na dakika 40, kwa hiyo utasali gizani. Simu uliyotegea kengele ya kukuamsha ikae mbali na kitanda. Ukisomea Injili humohumo, zima data kwanza. Kikundi kimoja cha michango ya harusi za baada ya Pasaka kinatosha kumeza robo saa yote.

Kwa mkulima, Kwaresima huangukia msimu wa kilimo, na palizi ya mtama na uwele haimngoji mtu. Afanye sala akifika shambani, kabla ya kushika jembe, kwani akishalishika haliachi. Saa 6 mchana, akipumzika chini ya mbuyu, sala ya Malaika wa Bwana haizidi dakika 3.

Anayepanda daladala kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana muda mwingi kuliko anavyodhani. Tendo moja la rozari, lenye Salamu Maria 10, huchukua kama dakika 5. Ukiwa umesimama umeshika bomba, hesabu Salamu Maria kwa vidole vya mkono mmoja, mara 2. Jumanne na Ijumaa ni matendo ya uchungu. Kelele za konda zitakuwepo, usisubiri zikome.

Ijumaa ukifunga, saa ya chakula cha mchana isigeuke ya kumalizia kazi za ofisi. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba, dakika 2 kila kimoja, ni dakika 28.

Ukikosa siku moja, usilipe deni. Leo 30, kesho 45, keshokutwa hakuna kitu. Rudi kwenye 15 zako. Na ingawa Jumapili hazihesabiwi katika zile siku 40, usiizime kengele siku hiyo: Jumatatu ndiyo hugoma kuamka.