Mipira ya gofu ya mitumba: upi ununue, upi uuache

Nairobi mipira ya gofu ya mitumba haikosi. Atakuuzia kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, atakuuzia kijana aliyeitoa bwawani, na mtandaoni utaikuta imepangwa kwenye trei za mayai, imeng'aa kama juzi tu ilitoka kiwandani. Hapo kwenye kung'aa ndipo pa kuanza kushuku.

Tuelewane kwanza: mpira uliotumika si lazima uwe mbovu. Uliopotea kwenye nyasi ndefu na kuokotwa wiki hiyohiyo, ukaoshwa kwa sabuni na maji, utaruka sawa na mwenzake mpya. Mkwaruzo mdogo, nembo ya kampuni fulani au alama ya kalamu ya mwenyewe wa kwanza havina neno. Balaa iko kwenye mipira ya aina tatu: uliokaa majini muda mrefu, uliopakwa rangi upya, na ule wa bandia.

Uliopakwa rangi ndio unaokamata wengi. Vishimo vidogo vilivyojaa juu ya mpira vina kina cha robo milimita hivi, na ndivyo vinavyoufanya upasue hewa bila kuburutwa nyuma na vinavyousaidia kuinuka unapozunguka kinyumenyume. Ukivipaka tabaka mbili za rangi na moja ya vanishi, kina kinapungua, tena hakipungui sawasawa, maana rangi hutuama upande ule mpira ulikolazwa kukauka. Matokeo yake, unapiga kwa fimbo ileile ya aini 7, kwa mkono uleule, na mpira unaanguka mapema au unakata kulia bila sababu. Na hewa yetu nayo ina mambo yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mpira mzima huenda mbali zaidi Karen, Nairobi, kuliko Nyali, Mombasa, kwa kuwa hewa haiuzuii sana, lakini hewa hiyohiyo nyepesi huuinua kidogo. Mpira ambao vishimo vyake vimezibwa hupoteza sehemu ya hata kuinuliwa huko kudogo.

Kuutambua, utoe juani na uutazame kwa kamera ya simu uliyoivuta karibu. Kingo za vishimo kwenye mpira halisi ni kali. Kwenye uliopakwa ni za mviringo, na chini ya kishimo utaona rangi imekusanyika ikimetameta. Kisha pitisha ukucha juu ya maandishi: yaliyopigwa upya mara nyingi yamekaa juu ya vanishi, unayahisi, na huenda yamepinda kidogo. Mipira inayoagizwa kutoka nje huandikwa kwenye pakiti "Refurbished" au "Refinished" ikiwa imepakwa upya. "Recycled" ni iliyookotwa na kuoshwa tu. Herufi AAAAA hadi AAA zinahusu sura ya nje peke yake. Hazisemi lolote kuhusu kiini.

Kuna wanaopima kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Usipoteze muda. Dawa hiyo hufuta hata nembo iliyopigwa kwenye mpira halisi.

Mpira wa bwawani ni mgumu zaidi kuusoma. Ganda lake haliingizi maji kwa siku moja, ila miezi ikipita unyevu hupenya hadi kwenye kiini cha mpira sanisi na kuupunguzia kasi unapotoka kwenye uso wa dreva, ile fimbo ya kupigia mbali. Dalili ya nje ni madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa, au weupe uliofifia kama chokaa. Pengine usione dalili yoyote. Chukua mpira unaouamini wa aina hiyohiyo, iachie yote miwili kwa pamoja kutoka usawa wa bega juu ya sakafu ya saruji, utazame inavyodunda na usikilize mlio. Unaobaki chini na kutoa mlio mzito, uweke kando. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinachuja.

Sasa bandia. Pro V1, mpira wa kampuni ya Titleist, huigwa sana kwa sababu ni ghali na kila mtu anaijua. Ndani ya Pro V1 halisi mna sehemu tatu, na ganda lake ni la urethani, laini, linaloshikwa na mikato ya weji, fimbo ya mapigo mafupi, ili mpira usimame kwenye grini, yaani nyasi fupi zenye shimo na bendera. Bandia nyingi zina kiini kimoja na ganda gumu. Kwa dreva huenda usihisi tofauti. Utaihisi mita 40 kutoka kwenye bendera, pale mpira unapotua na kuendelea na safari yake hadi nyuma ya grini.

Kabla ya kutoa pesa kwa dazeni "mpya", fungua. Dazeni huwa na vipaketi vinne vya mipira mitatu, na mipira ya kipaketi kimoja huwa na namba ileile. Ukikuta 2, 4 na 1 ndani ya kipaketi kimoja, mtu ameipanga kwa mkono. Linganisha herufi na mshale wa pembeni na mpira ulionunuliwa kwenye duka la klabu: unene, nafasi, rangi ya wino. Pro V1 ya kuanzia 2021 ina vishimo 388 na ndugu yake Pro V1x ina 348. Kuvihesabu kunachosha, lakini mpangilio wake ukiuweka kando ya wa halisi unajieleza. Ukinunua fungu kubwa, toa mmoja sadaka: ubane kwenye vaisi na uukate katikati kwa msumeno wa chuma. Tabaka zitasema ukweli. Usikate kabisa mipira ya kizamani iliyozungushiwa nyuzi za mpira ndani. Baadhi ina kiini cha majimaji yaliyoshindiliwa, na yameshawaumiza watu macho.

Kwa mipira ambayo hutaki kuikata, kuna kipimo cha chumvi, na tunakipendekeza kuliko vyote. Yeyusha gramu 250 za chumvi, yaani nusu ya pakiti ya nusu kilo, kwenye lita moja ya maji moto. Koroga mpaka isionekane chembe, acha yapoe. Sheria ya gofu inasema mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, kwa vipimo hivyo, mpira halali lazima uelee kwenye maji haya. Ukizama, ni mzito kuliko ukubwa wake. Ukielea hata kwenye maji matupu, ni wa aina ya kuelea ya mazoezini au ni kitu kingine kabisa. Uliopita hapo, weka nukta kwa makapeni sehemu iliyo juu, uzungushe kwa kidole, ungoje utulie. Rudia mara nne. Nukta ikirudi juu kwa haraka kila mara, uzito umeegemea upande mmoja na mpira huo utakupotezea pata fupi, yale mapigo ya kuusukuma mpira shimoni. Ikirudi polepole au mara mojamoja, usijali. Suuza kwa maji safi baadaye.

Mpira wenye ufa usiupige hata mazoezini. Kipande cha ganda kinaweza kuchomoka kuelekea kwa mwenzako. Ufa ukitokea ukiwa bado unacheza shimo hilohilo na unaonekana wazi, Kanuni ya gofu ya 4.2c inakuruhusu kubadilisha mpira. Mkwaruzo peke yake haukuruhusu.

Kwenye mashindano hakuna mzaha. Kupiga mpira usiokidhi vipimo ni kuondolewa, si kuongezewa mipigo. Soma pia kanuni za ndani za siku hiyo: kamati ikiwa imeweka sharti la Orodha ya R&A, chombo kinachosimamia kanuni za gofu, ya mipira iliyoidhinishwa, ambayo husasishwa kila mwezi na kupatikana bure kwenye tovuti yao, mpira wako lazima uwemo. Orodha huutambua mpira kwa maandishi yake. Na sharti hilo likiwepo, uliopakwa upya unakataliwa hata kama ndani ni mzima. Hata mpira halisi wa toleo la zamani unaweza kuwa umeshaondoka kwenye orodha.

Yenye mistari ya uwanja wa mazoezi usiinunue popote: ni mali ya klabu, na mingi imetengenezwa isiende mbali. Na unayeuza, kumbuka Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu 2008, na haimwangalii mtengenezaji peke yake.

Mipira iliyofeli si lazima itupwe. Yafaa kwa kupiga kwenye neti na kwa chipu, yaani mapigo mafupi, za nyuma ya nyumba. Ichore X kubwa kwa makapeni pande mbili na uiweke kwenye mfuko wake, nje ya begi, isije ikajichanganya na mizima asubuhi ya mashindano.